Kwako Baba, Fundi Chenga, uliyesali katikati ya kelele

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukurudishe mavumbini, na bado asubuhi tunatega sikio tukusikie ukikohoa uani kabla ya kufungua karakana.

Watu walikuita Fundi Chenga kwa sababu hakuna aliyejua kuondoa chenga, zile punje nyeupe zinazoficha picha, kwenye televisheni kama wewe. Mteja akileta yake imezimika kabisa, uliigonga ubavuni ukamwambia, "Usilie, hajafa huyu, amezimia tu." Hata aliyekuja amenuna aliondoka anacheka.

Karakana yako ilijaa televisheni hadi darini, na nyingi zilikuwa zikiwaka. Huku taarifa ya habari, huku muziki, huku watu wakigombana kwenye tamthilia. Na humo humo, kila mchana, ulivuta kigoda nyuma ya meza, ukafumba macho, ukasali. Mteja mmoja alikuuliza unawezaje kusali kwenye vurugu ile.

"Siwezi," ulimjibu. "Akili yangu ni mbuzi asiye na kamba. Inatoroka, naifuata, nairudisha. Nikigeuka tu, imetoroka tena."

Wala hukuwa malaika, Baba. Mpira ulikupofusha. Mama alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, bi mkubwa ni mpira. Ndiyo maana hatujasahau ile fainali iliyoangukia Jumatano jioni, saa ya maombi. Timu yako ilikuwa haijafika fainali tangu sisi tuzaliwe. Mtaa mzima ulikuja karakanani na viti vyao. Ukawawashia skrini kubwa kuliko zote, kisha ukavaa koti.

Rafiki yako mwenye bucha alipiga kelele: "Fundi, kwani Mungu haoni mpira?"

"Anauona," ulisema. "Mimi ndiye nisiyemwona Yeye nikiutazama."

Ukaenda. Kanisani mlikuwa wachache, na kati yenu mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mahututi. Uliporudi tulikuuliza maombi yalikuwaje. Ukacheka hadi machozi yakakutoka. "Mwili ulikuwa kanisani, masikio barabarani. Mtaa ulipolipuka kwa shangwe, nikasema amina mtu akiwa bado anaomba!" Halafu ukajifuta macho. "Lakini yule mama alinishika mkono, na sikuutoa."

Hukutuuliza nani alishinda. Tuliona jinsi ulivyotamani kuuliza.

Ugonjwa ulipokuja, ulikuja kwa pupa. Mikono iliyoshika nyaya nyembamba kama unywele ikashindwa kushika kijiko. Wodini mlikuwa na televisheni ukutani, ikibwata kutwa nzima. Mama alitaka kumwomba muuguzi aizime.

"Iache, mke wangu," ulimwambia. "Mzee wa kitanda cha pili haji mtu kumwona. Hiyo ndiyo ndugu yake. Sogea, tusali hapa hapa."

Alasiri ile ya mwisho kulikuwa na kipindi cha vichekesho, wodi nzima inacheka. Ulianza kutuombea. Sauti ilikuwa imekwisha, Mama akaweka sikio kinywani mwako. Ukamtaja kaka mkubwa na safari zake za lori. Ukamtaja dada na mimba yake. Kisha ukanyamaza. Mama hakushtuka. Alidhani akili imekutoroka kama kawaida, akakungoja uirudishe. Alingoja, watu wanacheka, mkono wako mkononi mwake, mpaka muuguzi alipokuja akamgusa bega.

Kitindamimba wetu aliumia sana kwamba hukumfikia. Alilia wiki nzima, chakula hakipiti. Mama alimwita chumbani akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unafuata. Alikuwa njiani kwako." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeenda na Mama maombi ya Jumatano. Hapo kabla ulimsihi wee, hakutia mguu.

Dada alijifungua salama, Baba. Ni wa kiume, ana masikio yako, maskini.

Ila Mama hatukufichi hali yake. Miaka yote ya ndoa yenu ulikuwa ukimwambia dunia ina makelele mengi, asiyakubali yamwibie Mungu wake. Sasa nyumba imetulia, hakuna redio, hakuna mpira, na bado kusali kunamshinda. Jioni anapiga magoti kando ya kitanda, anasema, "Baba…" halafu anakwama, kwa sababu hajui ameanza kumwita nani. Hukaa hivyo muda mrefu. Kisha anaanza upya.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo, mjukuu ambaye hukumwona, shangazi yetu aliyekubeba mgongoni utotoni, mwenye bucha, na waumini wenzako wa Jumatano.

Pumzika, Baba. Kukusahau hatutaweza, siku zote za uhai wetu.