Betri Iliyovimba na Kihamba Changu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeiitikia huku unatafuta miwani. Ipo kichwani. Natumaini presha imetulia na unameza dawa zako kila siku, siyo zile siku tu ambazo Mama anakuangalia. Mimi ni mzima, mwili hauna neno. Huku Ujerumani baridi imeshika kweli, asubuhi vidole vinakufa ganzi nikifungua kufuli la baiskeli.

Baba, nisikuzungushe. Krismasi hii siji. Najua sentensi hiyo umeisoma mara mbili. Najua umeshawaita wazee wa ukoo, na siku ya pili ya Krismasi ulipanga kunisimamisha kihambani, kwenye shamba la ukoo, mbele yao unionyeshe mpaka wa sehemu unayonirithisha, mimi mtoto wa kike, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona. Na najua Baba Mkubwa atakavyocheka. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningelia, ungemkabidhi Mama, na mambo yangeishia hapo.

Sababu ni kazi, ila siyo kama unavyodhani. Wewe bado unawaambia watu pale sokoni mjini Mkuu kwamba binti yako anatengeneza mawe ya redio. Sikatai, mawe na betri zangu ni ukoo mmoja. Lakini yako yakiisha nguvu unayaanika juani pembeni ya kahawa ili yakusukumie taarifa ya habari ya jioni, yakigoma unayatupa. Yangu yanakaa kwenye satelaiti. Inazunguka dunia mara nyingi kwa siku. Ikiwa upande wa jua inachaji, ikiingia kivulini inaishi kwa betri. Ikishaondoka, imeondoka. Hakuna fundi wa kupanda kule na bisibisi.

Sasa betri ya namna hiyo haijazwi mpaka juu kabisa. Inaachiwa nafasi, ndipo idumu miaka. Mimi kwa kichwa changu kigumu, ambacho unajua nimekirithi kwa nani, nilisema kikaoni tuijaze kidogo zaidi ili tutumie betri ndogo na chombo kiwe chepesi. Nilibishana mpaka nikashinda. Nikatamba wiki nzima, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita tuliitoa betri kwenye chumba cha majaribio, kile kinachonyonywa hewa yote ili kifanane na kule angani. Mashine zote zikasema ni nzima. Betri hiyo ni vipande vingi vilivyopangwa pamoja, tunaviita seli. Nilipozipitishia kidole moja baada ya nyingine, nikaikuta moja imevimba, dalili ya kujazwa kupita kiasi. Unene wa ukucha tu, wala hakuna mwingine aliyeiona. Baba, nilisimama pale nikawaza: nikinyamaza, tiketi ninayo, zawadi zenu ziko sandukuni, mwezi ujao nakula kiburu cha Mama cha ndizi na maharage. Nikisema, jaribio linaanza upya na linakwenda mpaka katikati ya sikukuu.

Unajua nilikumbuka nini? Ile siku uliyogundua kwamba gunia lako moja lilikwenda chama cha msingi cha wakulima na kahawa ambayo haijakauka vizuri. Tulikuwa tumeshafika nyumbani. Ukanishika mkono tukateremka tena mpaka kule, ukamwambia karani, "Litoe langu, litaharibu za wenzangu." Akakufokea mbele ya watu. Nilikuona mjinga siku ile, na aibu niliyoiona mimi sijui niliificha wapi. Nisamehe, nilikuwa mtoto.

Basi nikasema. Mkuu wangu wa kazi akauliza, "Si ni wewe uliyeng'ang'ania?" Nikajibu ni mimi. Hakunifukuza, na wala hakunizuia kusafiri. Alisema, "Nenda kwenu, Hana atasimamia." Huyu Hana ni mwenzangu wa meza ya jirani. Yeye anatengeneza mtambo unaochanganya gesi mbili kutoa umeme, na badala ya moshi unatoa maji safi ambayo wasafiri wa angani wanaweza kuyanywa. Ana mtoto mchanga, na mama yake anatoka mbali kuja kumwona mjukuu sikukuu hiyo hiyo. Hivi kweli nije huko nikale nyama ya mbuzi, halafu yeye abaki analinda kosa langu? Nimeshindwa, Baba. Tiketi nimeirudisha jana. Kisha nikajifungia choo cha kazini nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza, nikanawa uso, nikarudi kwenye vipimo.

Mama msalimie sana, mwambie sweta alilonifumia nalivaa ndani ya koti kila siku, hata kama linanikaba shingo. Mdogo wangu Yustina mpe pole kwa kukamua ng'ombe peke yake. Baba Mkubwa naye mpe shikamoo yangu, hata akiiitikia kwa kuguna.

Sasa lile ninalolikwepa tangu nianze kuandika. Siku hiyo wazee wakishakaa, pombe ya mbege ikishazunguka, Baba Mkubwa atasema, "Kihamba hakipewi mtu asiyekuwepo. Si tulikuambia mtoto wa kike ni wa kuondoka?" Namsikia mpaka huku. Muombe Mama asimame mahali pangu, aukanyage mpaka kwa niaba yangu. Wakikubali, Mungu awabariki. Wakikataa, tafadhali usigombane na kaka yako, hiyo presha sitaki kuisikia. Sehemu yangu mpe Yustina. Yeye yupo, anapalilia hapo kila msimu, na sitakuwa na kinyongo naye hata chembe.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usiwaache waseme nilikidharau kihamba. Waambie kosa lilikuwa langu na nimebaki kulirekebisha. Na waambie nakitaka, Baba. Nakitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Ni mimi binti yako mbishi,
Epifania