Fungu Lisilo na Jina

Ulyankulu, Jumapili ya pili ya Februari. Ni miaka hamsini na mitatu tangu nivuke mto Malagarasi nikikimbia Burundi, kijana mwenye shati moja, na miaka minne tangu tukuzike.

Mama Kizito,

Nimetoka misani, nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, na nyumba imetulia. Najua ungeniuliza hapo hapo: Februari, mwezi wa njaa, na nyumba imetulia? Ndiyo. Ndiyo maana nakuandikia.

Unaukumbuka mkeka. Malipo ya tumbaku yalipotoka, wenzangu walinunua redio, walichinja mbuzi, wengine waliongeza mke. Januari wakaja kwetu na debe tupu. Wewe hukujua kusoma, lakini siku ya malipo ulitandika mkeka, ukamwaga maharage, kila punje ikawa shilingi elfu kumi, ukayagawa mafungu mbele ya watoto: chakula hadi mavuno, mbolea, ada, ugonjwa, misiba, sadaka. Siku moja nilikusomea habari za wapagazi wa zamani waliopita huku na misafara kwenda Ujiji, jinsi walivyopewa posho ya siku kumi wakaimaliza siku ya nne. Ulicheka hadi ukafuta machozi kwa kanga. Ukasema, "Kumbe hao nao walikuwa wakulima wa tumbaku."

Lakini kila mwaka mkono wangu ulichota punje chache, ukaziweka karibu na goti langu. Uliniangalia. Mara moja tu ulisema, "Baba Kizito, fungu hilo halina jina." Nikajibu kwamba ni mengineyo. Hukuuliza tena. Ilikuwa nauli ya treni, nirudi Burundi, na fedha ya kununua tena shamba la baba yangu, pale kilimani kwenye migomba. Niliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo nikalificha darini.

Mwaka alipougua Kizito, fungu la ugonjwa liliisha, ukauza cherehani yako. Kopo lilikuwa juu ya kichwa chako, limejaa. Nilikuona ukiifuta vumbi ile cherehani kabla mnunuzi hajafika. Kopo sikulishusha. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Nakuomba leo.

Ulipoondoka niliukunja mkeka. Niliwaambia watoto hesabu nitaiweka kichwani, mimi ndiye mzee wa nyumba. Basi nyumba ikaingia hofu. Kizito akija kuomba ada, namuuliza kama sikutoa juzi. Anjelina, mke wake, akawa anaficha unga kidogo uvunguni, akidhani sioni. Mtoto akikohoa, wote wananitazama mimi. Hakuna aliyegombana na mtu. Afadhali wangegombana.

Julai iliyopita, siku ya malipo, Anjelina aliingia na mkeka wako kwapani na kilo moja ya maharage. Alipiga goti, akaniamkia, akasema anaomba tukae kama alivyokuwa akikaa mama. Ningekataaje? Tukagawa. Mwishoni mkono wangu, kwa mazoea yake, ukachota.

"Na hili, baba, tuliite nani?"

Alijibu Kizito, mwanao mwenye ulimi wako: "Hilo ni la treni ya mzee. Anaisubiri tangu sijazaliwa."

Nilidhani nitakasirika. Nikajikuta nacheka. Nikaagiza ngazi, kopo likashushwa, nikalimwaga mkekani. Noti nyingine zilikuwa za zamani, zile ambazo hata dukani hazipokelewi tena. Anjelina alizinyoosha moja moja, kama nguo za mtoto. Kizito akauliza kama mama alijua. Nikasema alijua, kila mwaka aliniona nikichota. Nikamweleza na habari ya cherehani. Akanisogezea maharage, akasema, "Haya mzee, gawa."

Fungu la kwanza nililitenga kwa cherehani. Ni ya Anjelina, lakini wote tunaiita ya Mama Kizito. Zilizobaki tulijazia ugonjwa, na mabati ya upande ule unaovuja.

Wiki iliyopita mjukuu wetu alipata homa. Kizito alichukua fedha kwenye fungu la ugonjwa, akawapakia Anjelina na mtoto kwenye pikipiki, wakaenda zahanati. Safari hii hakuna aliyenitazama mimi. Nilibaki nimekaa, sijui mikono niiweke wapi, kisha nikalala usingizi wa mchana. Mimi, Februari, nalala mchana! Walirudi mtoto anakula andazi. Anjelina ameacha kuficha unga. Nimechungulia uvunguni, kuna ndala tu.

Mvua imekunyeshea vizuri mwaka huu, na maua ya kaburini yameshika. Nimemwonyesha Kizito mahali pa kunilaza, upande wako wa kushoto, kama kitandani. Pumzika, mke wangu. Julai nitakaa mkekani na mikono yangu juu ya magoti, na kila fungu litatajwa kwa sauti, watoto wasikie.

Kilima cha baba yangu bado nakiona nikifumba macho. Kina watu wake sasa.

Sitarudi.