Aliyerudi Kuchukua Mundu

Ha Lekhooa,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Motlatsi,

Kwanza nakusalimu, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini baridi ya huko Bloemfontein haijakurudishia kile kikohozi, na kama imekurudishia, basi unakunywa dawa badala ya kujidai mwanamume. Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Refiloe ameng'oka meno ya mbele na siku hizi anacheka huku ameziba mdomo kama bibi harusi. Theluji imeshashika vilele vya juu, huku chini ni upepo tu. Mama naye mzima, anakula vizuri, anatembea, na kuku wake wanamtii kuliko tulivyowahi kumtii sisi.

Lakini hasimulii tena, Motlatsi. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungeniuliza kulikoni, ningeanza kulia, na salio lingeisha bure.

Tangu mimi na Refiloe tuje likizo, mtoto anamsogelea bibi yake kila jioni, anamwekea kigoda karibu na moto na kumwomba hadithi. Mama anamwambia amechoka. Unamjua Mama. Alikuwa akitoka shambani mgongo umepinda, na bado anasimulia mpaka sisi tunasinzia kabla yake. Sasa anakunja blanketi lake, anaingia ndani, na mtoto ananitazama mimi. Kosa ni langu, na kwa kiasi fulani ni lako, ingawa wewe ulijaribu kunizuia.

Ni kuhusu kitabu chetu. Najua kilivyokufurahisha, na jinsi wifi alivyokiweka juu ya kabati ili kila mgeni akione. Mimi pia nilitembea nacho kwenye mkoba kama kitambulisho. Sasa nikikiona natamani kukigeuza kifudifudi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa unalala hadithi ikiwa nusu. Unajua kisa chake kwa ufupi: wasichana wanapanda mlimani kukata nyasi za kuezekea, zimwi linawazibia njia, na binti wa chifu analiimbia mpaka linalala. Wanashuka na mizigo yao kichwani, kijiji kinapiga vigelegele. Katikati hapo, kabla zimwi halijatokea, bibi yetu, Nkhono, alikuwa na yule msichana mmoja asiye na jina, ambaye njiani alikumbuka kwamba mundu umesahaulika kule juu, akarudi kuuchukua. Basi. Hadithi inaendelea bila yeye. Mimi nilikuwa nangoja mpaka mwisho, vigelegele vimekwisha, ndipo namuuliza Nkhono kama yule ameshafika. Nkhono anajibu, bila kunitazama, "Bado yuko njiani." Kisha anatupia samadi kavu motoni, na hapo ndipo mwisho. Nikimbishia ananiambia nikalilie kwa zimwi, labda lenyewe limemwona.

Nkhono alipofariki Mama akaichukua ile hadithi vilevile, na jibu lake lilelile.

Huyo msichana alinikaa kooni miaka yote. Nilipoamua kuandika riwaya ya watoto, sikumtaka binti wa chifu, maana huyo kila mtu anamjua. Nilimtaka yeye. Nikajiuliza, mimi mwalimu wa fasihi mwenye akili nyingi, ni mtu gani anaachana na wenzake mlimani kwa ajili ya mundu? Nikajijibu kwamba alisema uongo. Hakuna mundu uliosahauliwa. Alirudi kulionyesha zimwi njia, kwa sababu alimwonea wivu binti wa chifu sauti yake. Nikampa kivuli kinachoongea, nikampa mto unaofunguka kama mlango, nikamfanya aoteshe kucha za zimwi mpaka kwenye viwiko. Mchapishaji akasema hapo ndipo penye kitabu. Nami nikavimba kichwa.

Unakumbuka ulivyoniambia uliponiletea michoro ya kwanza? Ulimchora amevaa blanketi. Nikakuambia ulitoe, nataka kucha zionekane. Ukasema, "Ausi, dada yangu, mlima ule, na huyu mtoto hana blanketi, atakufa kwa baridi kabla ya sura ya tatu." Nikakucheka. Nikakuambia huo ni uchawi, uchawi hausikii baridi. Ukalifuta.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Tulipofika tu likizo, shule ya hapa kijijini ikiwa bado haijafungwa, walimu wake waliniomba nije niwasomee watoto. Nikamwalika Mama. Akaja na blanketi lake la sherehe, amelibana kwa ile pini kubwa, ametangulia kufika hata kabla ya wanafunzi. Nilipopita karibu naye akanivuta, akanipapasa utosini mbele ya watu. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Hadithi saa nne asubuhi? Mwanangu, hebu nishike pembe kabla hazijakomaa." Watoto waliangua kicheko, kila mmoja akampapasa mwenzake kichwani. Nikamwambia, Mama, pembe huota kwa anayesimulia mchana, mimi nasoma, na vya kusoma havimo katika sheria hiyo. Akasema sawa, ila nikianza kulia kama mbuzi asilaumiwe mtu.

Alikuwa na furaha kiasi hicho. Nataka ulijue hilo.

Kabla sijaanza, mwalimu mmoja mzee, Ntate Mohapi, aliniambia jambo ambalo lingenizindua kama ningekuwa na masikio. Alisema hadithi hiyo wanayo hata kwao, ameisikia tangu utotoni, lakini huyo wa mundu hajawahi kumsikia. Kwao wasichana wanakwenda wote na wanarudi wote. Nikajiona nina bahati, nikamwambia kwa majivuno kwamba bibi yangu alikuwa na hadithi adimu. Yeye akatikisa kichwa, akasema huenda.

Nikasoma ile sura ya mlimani. Unajua ninavyosoma, na sauti zote nazitoa. Nilipofika pale msichana anapobisha hodi kwenye pango la zimwi na kulinong'oneza njia watakayopita wenzake, watoto wakapandwa na jazba. Mmoja akasema "Msaliti," wa pili akadakia, na punde darasa zima likawa linaimba neno hilo na kupiga madawati, msaliti, msaliti. Mimi nikacheka. Nikawachochea, Motlatsi. Nikawauliza afanywe nini, wakasema aachwe hukohuko mlimani afe.

Nikainua macho kumtafuta Mama nione anavyofurahi. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nyumbani anapepeta maharage. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema jua lilimchoma. Nikamuuliza kama kitabu hakikumpendeza, akasema nimesoma vizuri, sauti imefika mpaka nyuma. Kuanzia jioni ile hakusimulia tena. Nilidhani amechukia kwa sababu nimechezea hadithi ya mama mkwe wake. Niliandaa hata hotuba, ya kwamba hadithi ni ya kila mtu na kila kizazi kina haki ya kuigeuza. Aibu ninayoisikia nikiikumbuka hotuba ile, siwezi kukueleza.

Alhamisi iliyopita nikashindwa kuvumilia. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, tunapukuchua mahindi nje. Nikamwambia, Mama, nimekukosea, ila sijui nimekukosea nini, na Refiloe anaona mimi ndiye niliyemnyang'anya bibi yake. Kama ni mambo ya ile hadithi, basi tungoje jioni tukae jikoni unieleze. Mama akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akasema, "Hili naweza kukuambia sasa hivi. Halioteshi pembe. Si hadithi."

Kaa kitako, mdogo wangu. Mama ameniruhusu nikuambie.

Kabla Baba hajaihamishia familia huku chini, kabla yangu na kabla yako, walikuwa na mtoto wa kike. Jina lake Selloane. Ungekuwa unamwita ausi, nami pia. Mwaka ule Mama na wanawake wenzake walipanda kukata nyasi za kuezekea, naye akafuatana na mama yake kwa sababu alikuwa ameshaanza kuwa na nguvu za kubeba. Wakati wa kushuka, wako mbali tayari, Mama akagundua kwamba ameacha mundu wake. Si wa mtoto. Wake yeye, na ulikuwa mpya. Akamwambia Selloane akimbie akauchukue, yeye miguu yake ni myepesi. Jua lilikuwa linawaka, hakukuwa na wingu hata la kuazima. Wakamngoja. Ukungu ukashuka kutoka kwenye kilele kama unavyoshuka kule, ghafla, halafu usiku theluji. Wanaume walimtafuta wakiitana kwa mbinja. Walimpata theluji ilipoyeyuka. Mundu alikuwa nao mkononi.

Mama hakuweza tena kulitamka jina lake, na Baba akakataza lisitajwe, ndipo wakahama. Lakini Nkhono, ambaye wewe na mimi tulimwona mkali kama pilipili, alipoanza kutusimulia tulipokuwa wadogo, akamtia mtoto yule ndani ya hadithi. Hakumtaja jina. Alimpa njia tu, na mundu wa kurudia. Akaufanya mundu uwe wa msichana mwenyewe, ili kosa lisiwe la mama yake. Mama anasema usiku wa kwanza aliposikia alitaka kutoka nje. Halafu mimi nikauliza kama yule ameshafika, na Nkhono akajibu huku anamtazama yeye, pale kwenye kona, kwamba bado yuko njiani. Tangu siku hiyo akawa anaingoja hadithi hiyo kuliko sisi. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee mwanawe alipotajwa, na kila mara alikuwa mzima, anatembea.

Na mimi nimempa kucha. Nimewapa watoto wa shule nzima neno la kumwitia.

Nikamkumbuka Ntate Mohapi, kwamba kwao wasichana wote wanarudi. Nikalikumbuka jina langu mwenyewe. Huwezi kuitwa Puseletso hapa kwetu bila watu kujua kwamba ulizaliwa kuziba pengo la mwingine, na nilipouliza nikiwa mdogo niliambiwa ni mimba iliyoharibika. Nikaridhika. Nimeishi na jina hilo mdomoni mwa watu wote, nimefundisha watoto wa wenzangu maana ya majina, na sikuwahi kumuuliza mama yangu swali la pili.

Nilimpigia magoti Mama, akaniambia niinuke, nitachafua sketi. Akasema sikujua. Ni kweli sikujua, lakini nashindwa kujifariji kwa hilo. Wewe hukujua pia, na bado ulimwona yule mtoto anasikia baridi.

Vitabu vya mwanzo vimeshasambazwa, havirudi. Nimezungumza na mchapishaji, wanataka kuchapa tena kabla ya shule kufunguliwa, na wamekubali nibadilishe. Walinisihi basi nimfanye shujaa, awaokoe wenzake, aingie kijijini kwa vigelegele. Nilijaribu. Nilikaa na kalamu nikashindwa kumfikisha, maana Mama angesikiliza na angejua kuwa naongopa. Nimefuta pango, nimefuta mnong'ono na kucha. Nimemwacha kama alivyomwacha Nkhono. Watoto watauliza, na mwalimu atakayekuwa anawasomea itabidi ajibu.

Nilimsomea Mama kurasa hizo mpya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hana la kuongeza kwenye maneno. Ombi lake ni moja tu, nalo ni kwako. Anaomba mchoro ule wa ukurasa ambao msichana anageuka kurudi uuchore upya, na umvike blanketi. Siku ile Selloane aliliacha. Mama ndiye aliyemwambia aliache juu ya mzigo, lisimzuie kukimbia, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Nikamuuliza lilikuwaje, ili nikuelekeze. Akasema hakuna haja ya kukuelekeza, unalijua. Ni lile la rangi ya kutu lenye masuke ya mahindi, lililochakaa pindoni. Ndilo alilotubebea mgongoni, mimi kisha wewe.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu wote. Refiloe anakusalimu, anataka umletee rangi zako zilizobaki. Mama anakusalimu sana, anasema ule, uvae soksi nzito, na usiharakishe kazi yake, bali blanketi ulichore mpaka miguuni.

Dada yako,
Puseletso