Jengo Ulilolisusa

Baba,

Shikamoo. Nimekutaja mkutanoni, mbele ya watu, kwa jina lako na la babu, na nimeona heri ulisikie hilo kwangu. Naandika huku uso umeniwaka kwa haya, na haya yenyewe sijui niielekeze wapi, kwako, au kwangu, au kwa kijiji kizima.

Lile jengo la samaki halikuwa bovu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo gumu zaidi kukwambia.

Unaikumbuka siku ya kukabidhiwa. Ulivaa kanzu ya Idi na lile koti jeusi, Mama akakufukiza udi mpaka ukapiga chafya. Ulikuwa usome dua ya kulifungua, maana hapa kwetu hakijawahi kufunguliwa kitu bila wewe: nyumba, visima, mashine ya kusaga, hata banda la kuku la shangazi Tatu ulilisomea, tukacheka mpaka tukachoka. Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika, mshereheshaji, kijana aliyeletwa kutoka mjini, akaanza kuikimbiza ratiba, akairuka dua, akaita ngoma. Ulikaa kwenye kiti chako mpaka ngoma ya kwanza ikaisha. Kisha ukainuka, ukakung'uta kanzu, ukarudi nyumbani. Hukumgombeza mtu. Ungegomba ingekuwa afadhali.

Ukasusa, na sisi sote tukasusa nawe. Hukumkataza mtu kuingia, nakushuhudia kwa hilo, lakini nani angethubutu kupanga samaki ndani ya jengo ambalo Maalim hajalisomea? Na nani angelisomea wakati wewe upo? Meza za vigae zikabaki zinang'aa bure, mabomba yakafungwa, mbuzi wakajua kivuli kilipo. Sisi tukaendelea kukaanga juani, upepo ukitumwagia mchanga kwenye karai, mpaka wateja wangu wa Kerege wakawa wananiuliza kama nauza samaki au nauza ufukwe.

Sababu yenyewe tulikuwa hatuisemi. Mtu wa nje akiuliza, tulimwambia halmashauri imetupa pesa za wananchi. Jengo lina joto. Jengo liko mbali. Mbali, Baba! Ukitema mate kutoka mnadani linalowa.

Nawe ulikuwa na neno lako, "Simshukuru mtu anayenirudishia changu." Nililipenda sana, nikawa nalitembeza misibani na harusini kana kwamba nimelitunga mimi. Na ni kweli, pesa ilikuwa yetu, ule ushuru wa kila ndoo na kila tenga tuliokuwa tukiutoa huku tunasonya. Lakini ushuru tumeutoa tangu enzi za babu, na safari nyingi haukurudi hata kwa sura ya choo. Safari hii ulirudi na paa na maji na chumba cha barafu. Nimelifikiria jambo hili tangu uondoke. Mtu akikurudishia chako, na angeweza kukaa nacho kimya usimfanye lolote, hastahili japo ahsante? Sina hakika. Ninachojua ni kwamba hakustahili kusingiziwa.

Ulipofariki, Bi Zuhura alikuja msibani. Namsema mtendaji wetu wa kata, yule binti wa Lugoba aliyekuwa akija kukuomba radhi kwa ajili ya siku ile, nawe ukimwacha amesimama uani. Ulimwitikia shikamoo yake, ukamwambia "nimekusikia, mwanangu," basi, hata kigoda hukumpa. Msibani alikaa jikoni na sisi wanawake akamenya vitunguu tangu asubuhi. Macho yalimvimba, na sikujua ni vitunguu au ni kilio.

Baada ya arobaini yako wakaja wageni kutoka mkoani na makabrasha yao, wanataka kujua kwa nini jengo halitumiki. Walisema wazi kwamba msimu huu ukiisha likiwa bado tupu, litakodishwa kwa mfanyabiashara aweke saruji. Kisha wakamgeukia Bi Zuhura pale pale mbele yetu, wakamsema kama mtoto aliyevunja sahani. Kwamba pesa ya umma imefukiwa kwenye mchanga. Kwamba alijenga bila kujua watu wanataka nini. Halafu mmoja wao akanigeukia mimi, maana nilikuwa karibu na karai langu, akaniuliza tatizo la jengo hili ni nini hasa.

Nikamjibu, "Lina joto."

Bi Zuhura akanitazama. Alikuwa anaijua sababu kama ninavyoijua mimi. Angesema tu kwamba mzee wa hapa alisusa, lawama zote zingemtoka mwilini. Hakusema. Aliinamisha kichwa akazipokea.

Kesho yake nilimfuata ofisini, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akaniambia, "Mama Rukia, mzee wetu ndiyo kwanza amelala. Nimtangaze kwa wageni? Halafu kosa la mwanzo ni letu, sisi ndio tulioiruka dua." Akanivutia kiti nikae. Baba, sikuweza kukikalia. Mtoto wa watu, asiye na undugu na sisi, alikuwa amekusitiri kwa mgongo wake, na mimi mwanao wa kunizaa nimejificha nyuma ya joto.

Nikaenda kwa baba mdogo Shomari, nikamwomba alisomee yeye jengo lile tuingie kabla halijachukuliwa. Akakataa. "Kaka kaondoka na kinyongo chake," akasema. "Nikilisomea nitakuwa nimemruka kama walivyomruka wao." Nikarudi nyumbani nimeishiwa. Rukia wangu anasoma kwa samaki hao hao wa mchanga, na wateja walikuwa wameanza kuhamia Mlingotini.

Ukaja mkutano wa kijiji. Watu wakasimama mmoja baada ya mwingine wakisema pesa imeliwa, na kila aliyekaa alipigiwa makofi. Bi Zuhura alikuwa meza ya mbele, anaandika, hainui uso. Nikanyoosha mkono. Nilikusudia kusema maneno ya kuzunguka, lakini nikisimama mbele za watu unanijua, yanatoka yaliyo juu. Nikasema pesa haikuliwa, jengo si hilo hapo mnaliona? Nikasema baba yangu, Maalim Athumani bin Mwinyimvua, alisusa kwa sababu walimvunjia heshima, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tulioliacha tupu ni sisi, na tumewasingizia wenzetu kwa sababu tuliona tabu kumwambia mzee wetu basi, yatosha.

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma nikasikia mtu anasema, "Na ni mwanawe huyo!"

Habari zilimfikia Mama kabla yangu, ingawa yuko edani na hatoki. Nilipoingia alikuwa juu ya mkeka, hakugeuka. Akasema, "Umemvua baba yako nguo." Siku nyingi zikapita hali chakula nilichokipika mimi. Juzi ndipo aliponiuliza, bado akitazama ukutani, kama ndani ya jengo pana mahali pa kukaa mtu mwenye magoti mabovu. Nikamwambia papo.

Sasa tuko ndani, Baba. Samaki wangu hawana mchanga. Vibua vya jana navikuta asubuhi vimekakamaa kwenye barafu, na wateja wa Kerege wamerudi na midomo yao. Sikudanganyi kwamba kila kitu ni sawa. Mfereji wa maji machafu umeshaziba, tumeambiwa fundi atakuja, na fundi huyo hata sura yake hatuijui. Ungekuwepo ungefurahi sana na huo mfereji.

Lakini lipo nililokuwa nalikwepa, nalo ni la siku tuliyoingia.

Baba mdogo Shomari alikuja mwenyewe, Ijumaa baada ya swala, bila kumwambia mtu. Sijui ni nini kilichomgeuza. Tukakusanyika haraka haraka, wengine na ndoo mkononi, Bi Zuhura amesimama mlangoni na mtandio wake. Baba mdogo akasoma. Akawaombea waliotoa ushuru, akawaombea waliojenga, akawaombea na waliosahau, na kwa kila ombi tukaitikia amina. Kisha akasema, "Na kaka yangu, Athumani, Mola amsamehe kwa kutuchelewesha."

Watu hawakuitikia. Walinigeukia mimi, wote, hata watoto, waone nitafanya nini.

Nikaitikia amina, Baba. Niliitikia peke yangu, kisha ndipo nao wakafuata.

Nakupenda na nakuonea haya, na sasa vyote viwili vinakaa pamoja. Nakuahidi jambo moja. Atakayeniuliza nani alitujengea, nitamtajia halmashauri, na akiuliza nani aliyekuvunjia heshima siku ile, nitamtajia halmashauri hiyo hiyo. Sitapunguza upande wowote, na wako pia sitaupunguza. Yasini yako nitaisoma kila Alhamisi, hilo hata usilitilie shaka. Siku nitakapokuja huko utanigombeza, na nitakusikiliza mpaka umalize.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Mwanaidi