Karatasi ya Kukatia Mashati

Sasa Mwende wangu,

Huku Kawangware tuko sawa. Babu yako amepona mguu na ameanza tena kubishana na redio.

Unauliza kama uchangie template yako, ule mfano wa kuanzia programu, kwa ule mradi wa mtandaoni ambao kila mtu anaweza kuutumia na kuurekebisha, na unaogopa watu wataona makosa.

Nilipokuwa fundi wa nguo kule Kianda, nilikuwa na karatasi ya mfuko wa simenti, kipimo changu cha kukatia mashati ya shule, na nilikuwa naificha. Fundi jirani, Mama Achieng', akaiomba, nikampa shingo upande. Aliirudisha ameikata zaidi kwapani.

"Dada, mashati yako yanabana! Watoto hawawezi kuinua mkono darasani."

Nilicheka hadi machozi. Miaka yote hiyo nikiificha, kumbe majibu wenzangu walikuwa nayo.

Itoe tu hiyo template yako, mama.

Nyanya yako, Susu