Zamu ya Maji ya Nyumba Yetu

DeSoto, Texas
18 Agosti 2019

Kaka yangu mpendwa Kalisti,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, wifi Clara na wote mnaoota moto jikoni kwa baridi ya Kibosho. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Sisi tu wazima, ila jua la huku halina adabu. Mwanangu Queen amenipita urefu, na nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu Kiingereza.

Barua yako imeninyima raha. Unasema Desemba kuna siku ya kusafisha mfereji, goti haliruhusu kushika jembe, na mwanao Humphrey ameshasema harudi kutoka Mwanza. Nyumba isiyoleta mchimbaji hupoteza zamu yake ya maji, kwa hiyo unaona heri tumwachie jirani kwa hiari, migomba ya Baba ibaki ikingoja mvua. Umeniomba ridhaa yangu. Nilipomsimulia Queen, aliniuliza kwa nini mjomba asinunue tu mpira wa maji. Nilicheka, kisha nikasikitika.

Kabla sijakujibu, nikupe habari za bustani. Parokia ilitupa kiwanja nyuma ya kanisa, tunalima mchicha na mnavu, na Bertila anayepika kwenye maharusi hununua karibu wote. Paroko alituomba tufungue bomba siku mbili tu kwa wiki. Basi mimi, mtoto wa mfereji, siku yangu ilipofika nilifungulia maji mpaka yakasimama shambani, kama alivyofanya Baba. Kumbe udongo mweusi wa huku ukishika maji hauachii. Mchicha wote ulioza mizizi. Mogaka, nesi Mkenya mwenye tuta jirani na langu, aliniuliza kama nimeanza kulima mpunga.

Nilikula aibu yangu, nikajifunza. Tumefunga mabati ya kukinga mvua kutoka paa la kanisa hadi kwenye matangi, tumetandaza nyasi kavu juu ya matuta, na tunanyunyizia kwa kopo, kila mtu kwa zamu. Nikawaletea na sheria ya nyumbani: asiyekuja kusafisha mabati, zamu yake inampita. Wa kwanza kukosa alikuwa Mogaka, akidai ametoka shift na amechoka vibaya. Nilimfungia koki. Alininunia wiki nzima, kisha akaja na ngazi yake mwenyewe, na sasa yeye ndiye mkali kuliko wote.

Lakini siku ile nilipofunga koki, Kaka, niliiona nyumba yetu. Niliwaona wanaume wa mfereji wakiugeuza mkondo kwenye mpaka wetu, nawe umesimama na mkongojo unatazama. Nililia pale pale kwenye tangi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Usiitoe zamu ya Baba. Tiketi nimeshakata, nafika mapema Desemba, na sehemu yetu nitaichimba mimi. Najua mwanamke wa kwetu haendi kwenye chanzo cha mfereji, ambako kazi huanzia. Nakumbuka Mama akiwapelekea wachimbaji chakula hadi kwenye kona ya mfereji, anatua kapu, anageuka. Naogopa, sikufichi. Hata hivyo nyumba yetu haina mikono mingine iliyo tayari.

Mwambie mwenyekiti wa mfereji mapema, asije akasema nimemvamia. Nawe anza kutandaza majani makavu chini ya migomba, ili zamu yetu ndogo itoshe.

Nisalimie wifi, na shangazi Jerioth mwambie dawa yake ya macho naileta. Mungu akuponye goti. Jembe la Baba usilibadilishe mpini. Wazee wakinikataza chanzo, nitaanza kuchimba pale Mama alipokuwa akigeukia.

Ni mimi mdogo wako,
Dorothea