Mtikisiko wa Motokari ya Désiré

Cité Albert, Élisabethville
Tarehe 19, mwezi wa nane, 1956

Mpendwa Yaya Germaine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na shemeji na wote wa nyumbani hapo Kongolo. Mguu wako unaendeleaje? Mtu mmoja aliyeshuka kwenye treni alituambia kwamba sasa unaweza tena kwenda shambani, nasi tukafurahi sana. Sisi huku tu wazima. Baridi ya asubuhi bado inauma na vumbi linaingia hata kwenye chumvi, lakini hakuna mgonjwa nyumbani.

Watoto wa marehemu kaka yetu Désiré wanasoma. Mama yao, Albertine, anakusalimu. Bado amevaa nguo nyeusi na bado anasema maneno machache, lakini wiki hii kuna jambo limetokea, ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Barua yako niliipokea. Uliniambia niiuze motokari ya Désiré kwa sababu wazee wa huko wamesema bado ameishika. Yaya, nilikawia kukujibu. Hata mimi nilikuwa naogopa.

Wewe hujaiona ikifanya mambo yake. Tangu matanga yaishe naiendesha mimi, nawapeleka akina mama wa soko Kipushi na kuwarudisha, ili Albertine na watoto wapate kula. Ikienda polepole imetulia kabisa. Ikikaribia mwendo wa sitini, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwangu, kwanza kidogo tu, halafu kwa nguvu, mpaka vioo vinalia na meno ya abiria yanagongana. Nikijikaza nikaupita mwendo huo, inanyamaza kama haikufanya kitu. Hilo ndilo lililowatisha watu. Kitu kilichovunjika hutikisika wakati wote, walisema, lakini hiki kinachagua. Na unakumbuka Désiré alivyoendesha: sitini na kitu, sikuzote, hakuna wa kumharakisha.

Hortense muuza samaki alisema sokoni mbele ya watu wote, “Kuna muntu iko anashika volant pamoja na Rigobert.” Baada ya maneno hayo ya mkono wa pili kwenye usukani, abiria walipungua. Albertine naye akakataa kuipanda. Alikuwa akiiona imesimama uani, anapita mbali nayo.

Nikaamua kwamba kabla ya kuiuza nimwone Adalbert. Huyo alifanya kazi na Désiré zamani katika karakana ya reli, na sasa anatengeneza motokari uani kwake, kule mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya watu. Hakucheka. Akasema, “Pengine ni yeye, pengine hapana. Tuulize motokari kwanza.”

Akainua sehemu ya mbele kwa kriki. Akashika gurudumu juu na chini, akalivuta na kulisukuma, halikucheza. Akalishika kulia na kushoto, halikucheza. Akalala chini akapapasa vyuma vya usukani kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima. Yaya, hapo nilikata tamaa, maana nilikuwa natumaini ataona kitu kimelegea.

Nikamwuliza kwa nini inatikisika kwenye mwendo ule peke yake. Akanipeleka penye ndoo iliyoning’inia kwa kamba chini ya paa. Akaigusa kwa kidole kimoja, na kila iliporudi kwake akaigusa tena, polepole tu. Ndoo ikapanda, ikapanda, mpaka ikagonga boriti. Halafu akaituliza, akaanza kuigusa haraka haraka bila kuingoja. Ndoo ikatingishika mahali pale pale, ikakataa kwenda. “Kila kintu iko na mwendo yake,” akasema. “Ukiigusa na ile mwendo, hata kidole inatosha.” Nilisimama pale naitazama ile ndoo. Nimeendesha miaka mingi, na sikujua kwamba chuma nacho kinangoja wakati wake namna hiyo.

Kisha akahamisha magurudumu: ya mbele akayafunga nyuma, na ya nyuma mbele. Tukaingia wawili, tukashika barabara ya Kipushi. Tulipofika sitini, usukani ulikaa kimya. Lakini kiti chini yetu kilikuwa kinatetemeka, na mlio ulikuwa unatoka mgongoni. Adalbert akageuka kutazama nyuma, halafu akanitazama mimi.

“Imehamia nyuma,” akasema, akiinua spana yake. “Roho ya muntu haifunguke na clé. Ni gurudumu.”

Tuliporudi akayafunga tena mbele, akayainua, akayazungusha kwa mkono. La kulia lilisimama popote. La kushoto lilizunguka, likapunguza mwendo, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Akaweka alama ya chaki kwenye upande uliokuwa chini, akalizungusha tena. Chaki ikarudi chini. Mara zote ikarudi chini. Upande ule ulikuwa mzito, na kila gurudumu lilipozunguka, uzito ule uliigusa motokari kama kidole kile kilivyoigusa ndoo.

Alipokuwa anautoa mupira wa gurudumu hilo kwenye janti, yaani rimu yake ya chuma, Albertine akaingia na bukari, ugali wetu wa mchana. Akasimama mlangoni, hakutaka kukaribia. Adalbert akaingiza mkono ndani ya mupira, penye chaki, akakuta kiraka. Mupira ulikuwa umepasuka zamani, na mtu alikuwa ameuziba kwa ngozi nene iliyokunjwa mara nyingi, ikashonwa kwa uzi wa nta na kubandikwa kwa gundi. Hapo nikakumbuka: huu ulikuwa mupira wa akiba. Niliufunga mwenyewe tulipopata pancha siku ya kurudi kutoka makaburini, na sikuufikiria tena.

Albertine akaja. Akainama, akaangalia sana. Kwenye ukingo wa ngozi kulikuwa na maua yaliyochorwa kwa chuma cha moto.

“Hii ni mukoba yangu,” akasema.

Ni ule mkoba aliokwenda nao kanisani siku ya harusi yao, Yaya, ule uliomletea wewe. Aliutafuta nyumba nzima mwaka jana, na Désiré akamwambia pengine panya wameubeba. Albertine akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo wenye mafuta, na kicheko kikageuka kilio, na sisi wanaume wawili tukasimama tusijue pa kuweka mikono. Mwishowe Adalbert akamwuliza kwa upole, mupira utupwe au ubaki? Kiraka bado kilikuwa na nguvu.

“Ubaki,” akasema.

Basi Adalbert akayeyusha risasi ya betri kuukuu, akatengeneza kipande kidogo kama kidole gumba, akakifunga kwenye janti upande wa pili. Gurudumu likazunguka, likasimama linapotaka.

Albertine akapanda mbele, pembeni yangu. Hamsini. Sitini. Sitini na tano. Hakuna kitu, Yaya. Barabara tu, na upepo. Nilikaa kwenye mwendo huo mpaka Kipushi. Albertine akaweka kiganja chake juu ya usukani, akakiacha pale muda mrefu.

Waambie wazee siiuzi.

Nisalimie shemeji, na Donat na Agnès na watoto wao, na Mama Annie ikiwa bado anakaa karibu nanyi. Mungu awape mvua njema mwaka huu, na awalinde nyote mpaka tuonane uso kwa uso.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda bila kupungua,

Rigobert